Nani alikuja lini na alituachia nini: maswali yanayoulizwa sana kuhusu wageni, wahamiaji na wakimbizi Tanzania

Maswali haya yanarudi kila siku, kijiweni, kwenye daladala, kwenye magrupu ya wasapu, na hasa mtu akitoka Kariakoo kafungua duka halafu kakuta jirani yake anauza bei ya chini kuliko yeye alivyonunulia. Nimeyakusanya nikayajibu ninavyoyajua. Mimi ni wa Dar kwahiyo mifano mingi itakuwa ya hapa mjini, wa mikoani mtanivumilia.

Mwenyeji wa Dar ni nani hasa?

Wazaramo, pamoja na Washomvi wa pwani waliokuwa wanavua na kuuza chumvi. Kabla ya jiji palikuwa na kijiji kinaitwa Mzizima, upande wa huku Ocean Road. Miaka ya 1860 Sultani Majid wa Zanzibar akaipenda bandari akaanza kujenga, akaja na watu wake, Waarabu wa Hadhramaut, wafanyabiashara wa Kihindi na watumwa wa kulima minazi. Alipofariki 1870 mradi ukadorora, Barghash aliyemfuata hakuwa na habari nao. Wajerumani wakatia mguu 1887 na mwaka 1891 wakahamishia makao makuu ya koloni hapa kutoka Bagamoyo, na tangu hapo watu hawajaacha kuja. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 5.38 Dar peke yake, sasa wewe piga hesabu Wazaramo ni wangapi humo. Halafu ndo hao hao tunaowatania kwamba waliuza viwanja bei ya kutupa wakaenda kucheza ngoma, utani sawa, lakini mnunuzi alikuwa nani?

Na nchi nzima je, si sisi Wabantu ndo wenyewe?

Tulikuja pia. Ukitaka kwenda mbali sana wenyewe ni Wahadzabe kule Ziwa Eyasi, na Wasandawe. Wabantu walisogea kutoka magharibi ya Afrika kwa karne nyingi, Wairaki wa Mbulu na Wamaasai walishuka kutoka kaskazini kila mmoja kwa wakati wake. Wangoni ndo wa juzi kabisa, walitoka Afrika Kusini wakikimbia vita vya enzi za Shaka, mfalme wa Wazulu, wakavuka mto Zambezi 1835 na Zwangendaba akiwaongoza, wakafika mpaka Ufipa, na kundi lingine likaishia Songea. Yaani Mngoni ameingia nchini miaka isiyozidi 200 iliyopita, na kuna familia za Kihindi Zanzibar zilizofika karibu wakati huo huo. Mmoja anaitwa kabila la Tanzania mwingine bado anaulizwa kwao wapi.

Wahindi si waliletwa na Mwingereza kujenga reli?

Hili ndo swali linaloulizwa kuliko yote na jibu ni hapana, si huku. Reli iliyojengwa na vibarua wa Kihindi ni ile ya Mombasa kwenda Uganda, 1896 mpaka 1901, wakaletwa kama 32,000 kwa mkataba na wengi wao wakarudi kwao kazi ilipoisha. Reli yetu ya Kati iliyoanzia Dar 1905 na kufika Kigoma 1914 ilijengwa na Mjerumani, na walioinua mataruma wengi walikuwa Waafrika, Wanyamwezi wakiwemo kwa wingi tu.

Wahindi wa huku walikuja kwa majahazi, kwa biashara zao, tena wengi kabla hata Mzungu hajafikiria koloni. Walitoka Kutch, Kathiawar, sehemu za Gujarat, pepo za kaskazi zikiwasukuma. Zanzibar ushuru wa forodha wa Sultani ulikuwa unakusanywa na kampuni ya Mhindi, Jairam Shivji. Na misafara iliyokuwa inaenda bara kutafuta pembe za ndovu ilikuwa inakopeshwa mtaji na vitambaa na Wahindi, kwahiyo wakina Tippu Tip mnaowasoma shuleni walikuwa na madeni huko nyuma.

Mfano mzuri ni Sewa Haji Paroo. Alizaliwa Zanzibar 1851, akafanya biashara Bagamoyo ya kuandaa misafara, wapagazi, shanga, bunduki, kila kitu. Akawa tajiri kweli. Akatoa hela ijengwe hospitali Dar ya watu wasio Wazungu, ikafunguliwa 1897, mwaka huohuo akafariki. Hospitali ile ndo mzizi wa Muhimbili ya leo, na ukienda Muhimbili ukaambiwa mgonjwa wako kalazwa Sewahaji basi ndo jina lake hilo. Watu wanapita pale miaka na miaka wanadhani ni jina la ugonjwa sijui.

Kwani Wahindi wote si kitu kimoja?

Usithubutu kusema hivyo Upanga. Kuna Ismailia wa Aga Khan, kuna Ithnaasheri, kuna Mabohora, hao wote Waislamu wa Kishia lakini kila mmoja na msikiti wake na jumuiya yake. Kuna Mabaniani, yaani Wahindu, wenye mahekalu kule Kisutu. Kuna Singasinga, mafundi seremala na magari wa zamani. Kuna Wagoa, Wakatoliki, majina ya Kireno, enzi za mkoloni walikuwa makarani, mafundi cherehani na wapishi. Hawa walikuwa hawaoani na mpaka leo kuoana ni kwa tabu, kwahiyo tunaposema Wahindi wanajitenga tuongeze kwamba wanajitenga hata wao kwa wao.

Basi kwa nini wao wakakaa mjini kati na sisi Kariakoo na Ilala?

Hapa sasa kuna kitu wengi hawakijui. Haikuwa bahati mbaya na wala haikuwa hela peke yake. Mjerumani alianza kuchora, Mwingereza akakamilisha, mji ukagawanywa kanda 3 kufuata rangi za watu: Uzunguni kule ufukweni, Uhindini katikati penye maduka, na Uswahilini kuanzia Kariakoo. Wakasema ni mambo ya afya, eti malaria. Ile Mnazi Mmoja iliachwa wazi makusudi ili itenganishe Uhindini na Uswahilini, sisi leo tunapumzikia pale na kufanyia sherehe.

Ukienda kwenye biashara ni hivyohivyo. Kulikuwa na sheria za kikoloni zilizomzuia mfanyabiashara kumkopesha Mwafrika kwa uhuru, na bila mkopo wa mali huwezi kuwa na duka la maana, kwahiyo Mhindi akabaki na duka, Mwafrika akabaki kuwa mteja au mbeba mizigo. Miaka 40 ya mpangilio huo ikipita watu wanaanza kuamini kwamba Mhindi kazaliwa na duka. Mimi naona sehemu kubwa ya chuki zetu za mjini zilichorwa kwenye ramani na mtu mwingine kabisa ambaye alishaondoka zamani, ingawa na wao wenye maduka walikuwepo walioifurahia hiyo ramani, tusidanganyane.

Eti kuna waasisi wa TANU ambao babu zao hawakuwa wa hapa?

Ndiyo, na hii ndo stori ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1889 Mjerumani Wissmann alikuja kuzima vita vya Abushiri pwani. Hakuwa na askari wa kutosha akaenda kuwakodi: Wasudani kutoka Misri, mamia, na Washangaan kutoka Inhambane, Msumbiji, ambao hapa watu waliwaita Wazulu. Hawa ndo waliompiga Abushiri, na baadaye wakapelekwa Uhehe kupigana na Mkwawa. Yaani ukitafuta mgeni aliyekuja kwa ubaya, ni hawa, wamekuja na bunduki kwa mshahara wa mkoloni.

Mmoja wa wale Wazulu aliitwa Sykes Mbuwane. Mwanae Kleist akazaliwa Pangani 1894, akapigana upande wa Wajerumani Vita vya Kwanza, vita vikaisha, akafanya kazi kwa Mwingereza, na mwaka 1929 akawa mmoja wa walioanzisha African Association hapa Dar. Hiyo ndo ikaja kuwa TAA (Tanganyika African Association), na TAA ndo ikaja kuwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Kwenye kuasisi TANU walikuwepo watoto wake Abdulwahid na Ally. Abdulwahid ndo alikuwa kiongozi wa TAA kabla Nyerere hajachukua 1953. Kadi ya TANU namba 1 ni ya Nyerere, namba 2 ni ya Ally Sykes. Dully Sykes wa bongo fleva naye ni wa ukoo huohuo.

Kutoka askari wa kukodiwa wa mkoloni mpaka wanaomtoa mkoloni ni vizazi vitatu tu. Mtu akikwambia damu ya mtu inaamua yuko upande gani mpe hiyo stori.

Wote walikuja kwa hiari yao?

Hapana, na hapa watu huwa wanapita harakaharaka. Wamanyema wengi wa Ujiji, Tabora na Dar, asili yao mashariki ya Kongo, walifika na misafara, wengine wapagazi, wengine askari wa matajiri, wengine watumwa. Soko la watumwa Zanzibar lilifungwa 1873 lakini watu waliokwisha kuletwa hawakurudishwa kwao, wakabaki, wakaoa, wakajenga. Leo Msikiti wa Manyema uko Kariakoo katikati na hakuna anayewaita wageni. Familia nyingi za pwani zina mtu wa namna hii kwenye ukoo, ila mababu walinyamaza.

Mwaka 1971 ilikuwaje? Bibi yangu anasema Wahindi walinyang'anywa nyumba.

Bibi yako kasema kweli. Aprili 1971 ilipitishwa sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000. Kwenye karatasi haikutaja rangi ya mtu. Lakini mjini Dar wenye majengo ya thamani hiyo walikuwa kina nani? Majumba yakaenda kwa Msajili wa Majumba, baadaye yakaingia NHC (Shirika la Nyumba la Taifa), na mpaka leo ukipita Kisutu na Upanga utaona familia ambazo ni wapangaji kwenye jengo ambalo jina la babu yao bado limechongwa juu ukutani. Maelfu waliondoka kwenda Canada na Uingereza.

Ila msilinganishe na Uganda. Idi Amin 1972 aliwapa siku 90 wafungashe kwa sababu ya asili yao, na Nyerere alimlaani hadharani kwa hilo. Huyohuyo Nyerere Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, aliwakemea wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika weusi tu. Spika wa Bunge letu wakati tunapata uhuru alikuwa Abdulkarim Karimjee. Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza, alikaa Wizara ya Fedha miaka mingi. Derek Bryceson, Mzungu, alikuwa waziri na alichaguliwa na wapiga kura weusi. Sasa Nyerere huyo huyo ndo aliyetaifisha, kwahiyo ukiniuliza alikuwa anawapenda au anawachukia nakujibu alikuwa mjamaa, alichukia wenye nyumba. Aliyepoteza nyumba aliyojengewa na babu yake kwa jasho hiyo tofauti haikumsaidia kitu.

Wakongo wametuletea nini zaidi ya mikorogo na mashati ya maua?

Acha dharau. Toa Wakongo kwenye muziki wa dansi wa Dar miaka ya 70 na 80 uone kinachobaki. Orchestra Maquis walitokea Kongo wakajenga makazi hapa, Makassy naye, Ndala Kasheba naye. Remmy Ongala alizaliwa Kindu 1947, akaja Dar 1978 kupiga na Makassy, halafu akaja na Super Matimila yake, akawa anaimba kwa Kiswahili habari za maskini, za kifo, za ukimwi wakati wakubwa hawataki hata kuutamka. Alifariki 2010 akiwa Mtanzania kuliko wengi wetu. Kituo cha daladala Sinza mpaka kesho ni Kwa Remmy, konda haulizi alizaliwa wapi.

Wachina waliojenga Tazara ndo hawahawa wa Kariakoo?

Hapana, watu wawili tofauti. Wa Tazara walikuja kwa mkataba wa serikali na mkopo usio na riba, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi Zambia, 1970 mpaka 1975. Walipita maelfu kwa maelfu, walikaa makambini, wakajipikia, wakamaliza wakaondoka. Zaidi ya 60 walifia kazini na wamezikwa Gongo la Mboto.

Wa Kariakoo wamekuja kivyao miaka ya karibuni baada ya soko kufunguliwa, ni wafanyabiashara kama sisi. Na hapa malalamiko ya machinga na wenye maduka yana msingi, maana mtu anatoa mzigo kiwandani kwao, anaujaza kontena, halafu anauza mwenyewe jumla na rejareja. Wewe uliyezoea kwenda Guangzhou kununua ukauze utapumulia wapi? Ndo maana Julai 2025 serikali ikatoa amri ya kuwazuia wasio raia aina 15 za biashara, ikiwemo jumla na rejareja (supamaketi hazimo), wakala wa pesa za simu, fundi simu, saluni, kuongoza watalii na kununua mazao shambani. Faini si chini ya milioni 10 na kifungo mpaka miezi sita.

Mimi naikubali nusu. Shida ni kwamba wapo Watanzania wanaokodisha majina na leseni zao, Mchina ndo mwenye mali wewe ndo unaonekana kwenye makaratasi, unalipwa chako kidogo mwisho wa mwezi. Hiyo haizibwi kwa kumfukuza Mchina. Na kingine, wenye nyumba Kariakoo waliopandisha kodi kwa dola mbona hawatajwi?

Tanzania imepokea wakimbizi wangapi?

Wengi mno na kwa nyakati tofauti. Watu hawaamini lakini hata Wazungu tumewahi kuwapokea: mwaka 1942 walifika Wapolandi, wengi wanawake na watoto, waliokuwa wamepelekwa Siberia na Wasovieti, wakapita Uajemi, karibu 5,000 wakawekwa Tengeru karibu na Arusha. Makaburi yao yapo.

Warundi wa 1972 walipewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakafyeka pori wakalima mpaka wakawa wanalisha wenyeji. Zaidi ya 162,000 kati yao wamepewa uraia, vyeti vikaanza kugawiwa 2014. Hilo jambo ni kubwa sana duniani na sisi wenyewe tunalizungumza kama kitu kidogo. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24, hebu fikiria Ngara ilikuwaje, misitu ilikatwa, bei ya chakula ikayumba, silaha zikazagaa. Wenyeji wa Kagera na Kigoma walilipa gharama ya ukarimu ambao sifa zake zilikuja Dar.

Halafu kuna hawa ambao kila nikiwaeleza watu wanabisha, Wazigua wa Somalia. Mababu zao walitolewa Tanga karne ya 19, njaa na utumwa, wakauzwa Somalia, wakakaa bonde la Juba zaidi ya miaka 100 wakiongea Kizigua chao. Vita vya Somalia vya 1991 vilipolipuka baadhi wakapanda vyombo vya baharini wakarudi Tanga wakiwa wakimbizi, wakafika wanaongea lugha moja na wenyeji waliowapokea. Wakapewa makazi Chogo, Handeni, na baadaye uraia. Hao utawaita wahamiaji au waliorudi nyumbani?

Na wapigania uhuru?

FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilizaliwa Dar, Juni 1962. Kamati ya Ukombozi ya OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) iliwekwa hapa 1963. Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa kwa bomu la kwenye kitabu hapa hapa, Oysterbay, 3 Februari 1969. ANC ya Afrika Kusini walipewa Mazimbu, Morogoro, wakajenga shule. Wengine walioa huku, watoto wao wapo Sauzi na wanaongea Kiswahili cha Moro.

Hawa Wahabeshi (Waethiopia) wanaokamatwa kwenye malori kila siku wanataka nini kwetu?

Hawataki kitu kwetu, wanapita kwenda Afrika Kusini. Wanalipa madalali hela nyingi, wanafichwa kwenye makontena. Juni 2012 zaidi ya 40 walikutwa wamekufa Dodoma kwa kukosa hewa kwenye lori. Dereva na dalali ni Watanzania mara nyingi, tusijitoe.

Nimezaliwa Dar, mama Mtanzania, baba mgeni, nina pasi mbili. Nipo salama?

Ukiwa mtoto ndiyo. Ukifika miaka 18 inabidi uchague, maana sheria ya uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Usikae kimya ukidhani watasahau, nenda Uhamiaji mapema. Na jingine linalokera: mke mgeni wa Mtanzania ana njia ya kuomba uraia kupitia ndoa, mume mgeni wa Mtanzania hana njia hiyo. Kina dada wamelipigia kelele hili miaka, mpaka leo.

Gurnah na Freddie Mercury ni wetu?

Wote walizaliwa Zanzibar, Freddie, mwimbaji wa bendi ya Queen, 1946 kwa wazazi Waparsi wa India, Gurnah, mwandishi wa riwaya, 1948. Wote waliondoka baada ya mapinduzi ya 1964 na wote mafanikio yaliwakuta Uingereza. Gurnah alipopata Nobeli 2021 watu walishangilia asubuhi, mchana wakaanza kubishana kama ni Mtanzania. Kisheria si raia. Mimi naona kama tunataka kumdai basi tujiulize kwanza kwa nini aliondoka.

Nataka kuyaona haya kwa macho, nianzie wapi hapa mjini?

Anza asubuhi Mnazi Mmoja, ukiwa na ukumbi wa Arnautoglu hapo hapo, uliojengwa kwa msaada wa Mgiriki tajiri wa mkonge. Tembea kwa miguu mpaka Kisutu, mahekalu yako mtaa mmoja, msikiti wa Mabohora hauko mbali, bajia na kachori zipo kila kona. Rudi Kariakoo uone Msikiti wa Manyema na mtaa wa Kleist Sykes. Gongo la Mboto kwenye makaburi ya Wachina iache siku nyingine maana foleni ya Pugu Road itakumaliza. Na usiende Ijumaa, mchana maduka mengi yanafungwa kwa swala na pa kuegesha gari hutapata.